Treni Haisimami Tena Gamjeong

Keunnaru
Mwaka wa Sungura (1927), mwezi wa sita, siku ya 20

Mama yangu,

Nakuamkia nikiwa nimeketi nyuma ya jiko, mahali pekee katika nyumba hii ambapo hakuna anayeniuliza ninaandika nini. Natumaini joto la mwezi huu halijakuonea, na kwamba kaka na wifi Dalle ni wazima.

Habari kubwa ya huku bandarini ni treni yetu. Imenunuliwa. Kampuni imeuza reli yote, toka hapa mpaka huko kwenu mlimani, na mnunuzi ni Serikali Kuu ya Wajapani. Wenye hisa walifanya karamu, wakala mikunga ya kuchoma, wakapiga picha mbele ya injini. Sisi abiria tumebandikiwa tangazo. Reli itapanuliwa, zitaletwa injini kubwa, na njia itanyooshwa ili mchele ufike melini upesi. Vituo vidogo vitafutwa. Mume wangu alipokuwa akisoma orodha nilikuwa nachambua maharage, nikajikuta natupa maharage na kubakiza mawe. Gamjeong imo.

Lakini usivunjike moyo. Tangazo linasema Gamjeong itafungwa kuanzia mwezi wa tisa, siku ya kwanza. Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Sikukuu ya mavuno ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, na siku yetu ya nusu njia ni tarehe kumi na saba. Kwa hiyo tunayo moja, Mama. Moja ya mwisho.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza baada ya mimi kuolewa? Nililalamika kwamba waliotunga sheria za wanawake hawakuwa na mama. Mwali akishaolewa haendi kwao, mama haendi kwa wakwe, na kwa mwaka mzima tunaachiwa siku moja tu ya kukutana katikati na kurudi kabla jua halijazama. Ukanijibu kwamba bibi yangu alikutana na mama yake kwa miguu, mvua ikinyesha, na hakulalamika. Kisha ukanifungulia kikapu. Treni yenu na treni yetu zilikuwa zimesimama Gamjeong ubavu kwa ubavu, wanawake wanashuka pande zote mbili na vikapu vichwani, kila mmoja akitafuta uso wake. Bwana Pyo, mlinzi wa kituo, alisimama na bendera yake akijifanya ametuona jana tu. Nilikula songpyeon zako, vile vikate vya mchele vya mavuno, zenye masizi ya makaa ya mawe, na mpaka leo songpyeon safi naiona haina ladha.

Ulimtuma mama mchuuzi wa nyuzi aniulize habari za mwanangu Dolsoe. Hasumbui mtu, halii. Mengine yote tutazungumza Gamjeong.

Mwanao,
Pillye


Solgogae
Mwezi wa saba, siku ya 3

Mwanangu Pillye,

Ukiona mwandiko huu ni wa wifi yako, usishtuke. Nilijikata kidole gumba kwa mundu. Si jambo, ila hakishiki brashi ya wino. Mimi nasema, Dalle anaandika, na nimemwambia aandike kila neno kama lilivyotoka, asinipake mafuta.

[Nimeandika kama yalivyotoka, wifi. Usije ukanilaumu mimi. — Dalle]

Kwa hiyo Serikali imenunua treni. Nchi nzima waliichukua bila kununua, sasa wameona haya gani hata wakanunua treni? Dalle amesita hapo. Andika, nimemwambia, barua ya kikongwe nani ataisoma.

Treni ile ilipokuja niliililia, maana ilipita katikati ya shamba la mtama la baba yako. Sasa inaondoka naililia tena. Mtu hana haya. Lakini ilikuwa inatujua, Pillye. Ilikuwa mali ya watu wenye tamaa, sikatai, ila dereva Bae alikuwa akifika kwenye kona ya mwaloni anapiga honi mara mbili ili mkewe ateleke sufuria. Kwenye mlima wetu ilikwenda polepole mpaka wanaume walishuka, wakajisaidia vichakani, wakaikimbilia na kuipanda tena. Siku tuliyombeba baba yako kwenda kumzika tulifika kwenye reli na jeneza, na treni ilikuwa inakuja. Bae akasimama shambani, akavua kofia, akatungoja sote tuvuke, na hakuna abiria aliyeguna. Treni kubwa ya Serikali itamngoja nani?

Sasa tuseme ya maana. Mwaka jana nilimpapasa Dolsoe akiwa bado tumboni, akanipiga teke mkononi. Nimelikumbuka teke lile mwaka mzima. Hivyo halii? Baba yako naye inasemekana hakulia utotoni, akawa mkaidi mpaka kufa. Dalle anamshonea koti la mikono ya rangi rangi, la kuvaa siku atakayotimiza mwaka. Nataka kumshika mwenyewe na kulijaribu. Umlete mgongoni. Ukimwacha nyumbani nitapanda treni iliyonileta na kurudi zangu, na songpyeon utazisikia harufu.

Mama yako

[Mimi ndiye ninayeshona, yeye anaamuru. Ameniamuru nifumue kola mara mbili. — Dalle]


Keunnaru
Mwezi wa saba, siku ya 12

Wifi Dalle,

Barua hii nimempa yule mama mchuuzi wa nyuzi na vitana, akukabidhi mkononi. Sikutaka ije kwa posta, kwa sababu Mama angekuambia uisome kwa sauti. Isome peke yako, kisha uitie jikoni.

Dolsoe hayupo. Alikwenda mwezi wa nne, kwa surua, siku tano tu. Jina tulimpa la jiwe na chuma ili kifo kimwone kigumu kimwache, na halikusaidia. Mtoto mdogo huwa hajengewi kaburi, wewe unajua. Mume wangu alimbeba kwenye kikapu kwenda mlimani, na mimi sikuruhusiwa kufuata. Mpaka leo sijui ni upande gani wa mlima. Nikienda kisimani nautazama wote.

Mama mkwe alisema habari ya kifo haitumwi kwa karatasi, wala isisemwe kwetu mpaka mavuno yaishe. Alisema hivyo huku akisokota tumbaku kwenye kiko chake, na mimi sina ubavu wa kumjibu. Lakini hata asingesema, nisingeweza kuandika. Nimejaribu. Naandika «Mama» kisha wino unakauka.

Nataka kumwambia ana kwa ana, Dalle, mikono yake ikiwa kwenye mikono yangu. Ndiyo maana nahesabu siku za Gamjeong kama mfungwa. Tusipopata siku hiyo sijui nitamwambia lini. Mwakani hakuna kituo, na yeye ataendelea kumshonea mtoto nguo za kila umri.

Usimwambie. Niachie mimi.

Pillye


Solgogae
Mwezi wa saba, siku ya 21

Wifi yangu,

Barua nimeitia jikoni. Nilimwambia Mama kwamba moshi ndio ulionitoa machozi, akasema kuni zenyewe ni kavu, na hakuuliza zaidi.

Sitamwambia. Na yeye ana lake ambalo ameniapisha nisikuandikie, basi niko katikati yenu kama mlango, kila mmoja ananifunga kwa upande wake. Utaliona mwenyewe Gamjeong. Si la kufa, usihangaike.

Leo ameniambia niongeze urefu wa mikono ya koti, maana mtoto anakua. Nimeongeza.

Nitakuwa naye treni nzima, simwachi hatua. Uje tu.

Dalle


Kituo cha Gamjeong
31 Agosti 1927 kwa kalenda ya Serikali. Kwa yetu, mwezi wa nane, siku ya 5

Kwa Mama wa Solgogae, mwenye binti Keunnaru,

Kwa heshima. Mimi ni Pyo, mlinzi wa kituo hiki tangu reli ilipofunguliwa, na leo ni siku yangu ya mwisho kukilinda.

Nakuandikia kuhusu tangazo. Jana mwanamke mmoja aliyepita hapa aliniambia, kwa furaha, kwamba tutaonana tarehe kumi na saba baada ya sikukuu, kwani kituo kinafungwa mwezi wa tisa. Ndipo nilipogundua kosa, na nimelaumu kichwa changu kwa kutoligundua mapema. Mwezi wa tisa wa tangazo si wetu wa mwezi mwandamo. Ni Septemba yao, na inaanza kesho. Ikifika siku yenu ya nusu njia, Gamjeong itakuwa imekufa siku kumi na mbili.

Reli ya kupishania imeshang'olewa upande mmoja. Mti wa matunda ya gam, ulioipita mingine yote kwa uzuri, wameukata asubuhi ya leo, matunda yakiwa bado mabichi, kwa sababu njia mpya iliyonyooka inapita pale ulipokuwa. Kuanzia kesho treni zitapishana kwenye uwanja mpya wa Jangteo. Huko hakuna jukwaa wala stesheni, ni kokoto tupu. Zitasimama dakika mbili, milango imefungwa kwa nje, na hakuna abiria atakayeruhusiwa kushuka. Mimi nimepangiwa kazi huko, ya ufagio. Bendera nimeirudisha.

Nakuomba usisafiri siku hiyo, au umjulishe binti yako mapema mtafute namna nyingine. Zamani barua hii ningempa Bae mkononi na ungeisoma kabla wali haujaiva. Sasa ni marufuku dereva kubeba kitu kisicho na stempu, kwa hiyo itapita kwanza makao makuu ya mkoa ikapangwe. Naomba ikuwahi.

Miaka kumi na mitatu nilichelewesha treni mbili kwa ajili yenu, nikiandika kwenye daftari kwamba injini inachota maji. Hakuna kazi niliyoifanya vizuri zaidi ya hiyo.

Pyo Chilbok


Keunnaru
Mwezi wa nane, siku ya 18

Wifi Dalle,

Upande wenu wa dirisha uliuona. Nikuambie wa kwangu, kwa maana nisipomwambia mtu nitapasuka.

Toka huku tulipanda wanawake kumi na wanne wa nusu njia, na vikapu vyetu. Tulizoea kulipia ndani ya treni, basi hakuna aliyetuuliza tunashukia wapi mpaka tulipokwisha ondoka. Kondakta mpya alipokuja nikamwambia Gamjeong. Akasema hakuna mahali panapoitwa hivyo. Tukamcheka, tukadhani ni mgeni. Treni iliposimama Jangteo kwenye kokoto, milango ikiwa imefungwa, na treni yenu ikaingia ubavuni, ndipo kicheko kilipotuishia.

Nikamwona Mama kabla hajanijua. Nikaita. Akageuka upesi, na uso wake wote ukafurahi, lakini alikuwa anafurahia dirisha la jirani yangu. Nikaita tena, akasogeza uso kidogo kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Dalle, hilo ndilo lililokufunga mdomo? Kidole gumba nilikitazama pia. Hakina hata kovu.

Akanyoosha mkono nje, nikaushika. Nilikuwa nimejiandaa na maneno tangu mwezi wa nne. Nilikuwa nimeyapanga yote, lipi litatangulia na lipi litafuata. Naye akasema, «Mlete mjukuu wangu nimguse, haraka, kabla hawajaondoka.» Watu wanapiga kelele, kondakta anapuliza filimbi, na mama yangu haoni. Ningemwambia vipi pale? Nimwambie kwa kupayuka, kisha treni imchukue? Kando yangu alikuwa mke wa msagaji mpunga na mtoto wake mgongoni. Sijui hata nilivyofanya. Niliuvuta mguu wa yule mtoto nikautia kwenye kiganja cha Mama.

Akaushika. Akaupapasa unyayo. Ulimwona alivyoupapasa?

Dakika mbili zilikuwa zimekwisha, na injini yenu haikuondoka kwa sababu Bwana Pyo aliweka ufagio chini akainama kufunga kiatu katikati ya reli. Kiatu chake ni cha mpira, hakina kamba. Alikifunga muda mrefu sana, mpaka mkubwa wa uwanja akaja kumwinua kwa ukosi. Dakika ile ya tatu Mungu amlipe, nami sikuitumia kusema ukweli.

Kisha kila treni ikashika njia yake. Ninyi mkaletwa kwangu, nami nikapelekwa kwenu. Miaka minne sijakanyaga Solgogae, Dalle, na nimekanyaga siku ambayo hamna mtu. Kaka alikuwa shambani. Nilikaa kwenye baraza. Mitungi ya soya ipo palepale, ule wenye ufa bado umefungwa utepe nilioufunga mimi. Nikaiona kamba ya majani ya mpunga, imetandazwa toka mlango wa Mama mpaka kisimani, na nyingine mpaka chooni, imechakaa kwa kushikwa. Niliishika, nikafumba macho, nikaifuata mpaka kisimani na kurudi. Nikafanya hivyo mara tatu.

Nilitaka kuwangoja. Lakini sikuaga kwamba nitalala nje, na treni ya kurudi ni moja. Jioni tulipishana tena Jangteo. Kati yetu na ninyi walikuwa wameegesha mabehewa ya kokoto. Nilisikia tu wanawake wakiitana majina juu yake.

Niambie, aliamini? Na kama aliamini, nimefanya nini?

Pillye


Solgogae
Mwezi wa nane, siku ya 22

Mwanangu Pillye,

Dalle ameniambia kwamba umejua. Basi nikiachie kidole gumba kipone. Macho yalianza kufifia mwaka juzi, na tangu mwezi wa kwanza sioni ila tofauti ya mchana na usiku. Sikukuambia kwa sababu ungelia, nawe ulikuwa unanyonyesha, maziwa hayataki huzuni. Usinikasirikie. Nilitaka nije Gamjeong nikusikie kwanza, kisha nikuambie huku nimekushika mkono, uone kwamba mikono yangu bado ni ileile.

Barua ya Bwana Pyo imefika juzi, na mihuri mitatu. Maskini yule. Nimemwambia Dalle aisome mara mbili. Kumbe sisi wote, toka huku mpaka huko, kina mama arobaini na ushee, tulikosea mwezi mmoja uleule kwa pamoja. Mie nasema hatukukosea sisi. Mwezi uko juu pale kila mtu anauona, hata mimi kwa kumbukumbu, na wao wanahesabu wa kwao wa karatasi.

Nilimgusa mtoto mguu. Ulikuwa wa moto, umejaa. Nimeshukuru. Siulizi lolote, mwanangu, nawe usijisumbue kuandika lolote. Kula vizuri.

Huko kwenu tulishuka tukangoja treni ya kurudi. Dalle alitaka nije mpaka langoni kwenu, nikakataa. Nyumba ya wakwe na choo, kadiri vilivyo mbali ndivyo heri, na mimi nije mikono mitupu, kipofu, bila kualikwa? Nilikaa stesheni juu ya furushi langu. Akaja mama mmoja msafiri, mwenye harufu ya kiko, akakaa karibu nami, akaninunulia maji ya shayiri ya moto. Tulizungumza mpaka treni ikaja. Sauti yake kavu, lakini anajua kusikiliza. Songpyeon zilizokuwa zako nimempa yeye, maana zingeharibika.

Nusu njia imekwisha, basi. Bibi yako alikutana na mama yake kwa miguu, nami nilikutana nawe kwa treni, nikadhani kila kizazi kitapata njia nyepesi kuliko ya mwenzake. Nasikitika sana. Nalia nikilala, nisikufiche, halafu asubuhi nashika kamba yangu naenda kisimani.

Mama yako

[Ameingia ndani, naongeza langu. Wifi, unaniuliza kama aliamini. Lile koti lilikuwa mapajani mwake siku ile. Ulipompa ule mguu nilimnong'oneza, Mama, mpe koti. Dirisha lilikuwa wazi na muda ulikuwepo, Bwana Pyo bado anahangaika na kiatu. Alilikalia. Amerudi nalo, amelikunja mwenyewe, amelitia sandukuni chini kabisa. Mimi sijui kusoma zaidi ya hapo. — Dalle]


Keunnaru
Mwezi wa tisa, siku ya 2

Kwa mkwe mwenzangu wa Solgogae,

Mimi ni mama wa mume wa Pillye. Katika miaka minne ya ukwe wetu hii ni barua yangu ya kwanza ambayo si ya salamu za sikukuu. Anayekusomea nadhani ni Dalle. Dalle, soma polepole, usiruke.

Msafiri aliyekununulia maji ya shayiri ni mimi.

Niliambiwa na jirani kwamba wanawake wa nusu njia wa Solgogae wametupwa stesheni ya Keunnaru. Nikadhani Pillye yuko huko nanyi, nikateremka kumchukua kabla watu hawajapata la kusema. Nikakukuta wewe, una uso uleule wa Pillye, na Dalle hanijui sura. Ukageuza uso ukauliza, «Nani hapo?» Nikaona macho yako, nikasema msafiri tu. Nilikusudia kukaa kidogo na kuondoka. Ukanipa songpyeon, ukaanza kunieleza habari za binti yako, na nikashindwa kuinuka. Ulisema pia kuhusu nyumba ya wakwe na choo. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi.

Ulinieleza kwamba asubuhi ile umegusa mguu wa mjukuu. Kisha ukaniambia maneno haya, nami nayarudisha kwako kama ulivyoyasema: «Mguu ule ulikuwa na nyayo ngumu, mwenye mguu anatembea. Mjukuu wangu ana miezi kumi. Na aliyenipa mguu ule ni binti yangu mwenyewe. Simuulizi. Ataniambia siku tutakapopata siku.»

Mkwe mwenzangu, mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia habari hiyo isisemwe kwao mpaka mavuno yaishe, kwa sababu ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Nilikuwa mwali wa miaka ishirini na miwili. Wakati huo treni hakuna. Mimi na mama yangu tulikutana kwenye mlima wa Hanti, kila mmoja kwa miguu yake. Mwaka mmoja nilifika, nikatandika kitambaa, nikapanga vyakula, nikangoja. Kina mama wengine walikuja na kuondoka na mimi nimekaa. Nilirudi jua limezama, nikapigwa kwa kuchelewa. Mama yangu alikuwa amezikwa siku tisa kabla, na nyumba nzima ya mume wangu ilijua. Hawakuniambia kwa sababu kulikuwa na mpunga wa kuvuna. Niliapa kwamba mimi sitamtendea hivyo mke wa mwanangu. Miaka thelathini na moja nimeishi na kiapo hicho, na mwezi wa nne nikamtendea vilevile, kwa maneno yaleyale, wala sikuyasikia yakitoka.

Nasikia hakuna tena Gamjeong, na wanawake wa hapa wanalia kila siku kisimani. Nami nimelia, ingawa ilipojengwa sikuwa tena na mama. Nilipenda kumwona Pillye akirudi jioni ya siku ile, masizi puani, amenona kwa siku moja. Lakini sitaiomba Serikali irudishe kituo, haitanisikia. Lililo mkononi mwangu ni jingine. Kuna kuonana nusu njia, na kuna kuonana kwa njia nzima, mwali aende mpaka kwao, mama mkwe akitoa ruhusa. Mimi sikuwahi kupewa. Ninaitoa.

Pillye anapanda treni ya asubuhi tarehe kumi na mbili. Atakaa kwenu siku kumi, na mavuno ya huku nitayavuna mimi na mwanangu. Kabla hajaondoka mume wake atampeleka mlimani, amwonyeshe mahali.

Yale aliyokuwa anataka kukuambia siyaandiki hapa, wala usimwulize mtu. Atashuka stesheni kwenu bila mtoto mgongoni. Usimuulize kitu mbele ya watu. Mshike mkono umpeleke ndani.

Mkweo wa Keunnaru